Masafa ya Maskati na Unguja, na Swali la Nani Msafiri

Katika mambo ambayo watu wa zama hizi wameyapokea upesi pasipo kukaa wakayatafakari, ni machache yanayomstahikia mwenye dini kuyazingatia kuliko hili: kwamba masafa ya kutoka Maskati hadi Unguja, ambayo babu zetu waliyapima kwa miezi na kwa misimu ya pepo, leo hupitwa katika muda wa saa tano na nusu, na mtu aliyesali Alfajiri nyumbani kwake Al-Khuwair huweza kusali Alasiri ya siku ileile Mji Mkongwe, kanzu yake haijaingia vumbi, na juu ya hayo sheria yamwita msafiri, yampunguzia rakaa, yamruhusu kula mchana wa Ramadhani akalipa siku nyingine, sawasawa na ilivyomruhusu yule aliyekaa juu ya ngamia au aliyelala chini ya tanga. Je, hukumu hiyo ingali na maana yake, au imebaki ni jina lisilo na mwenyewe? Na ikiwa ina maana, basi umbali ni kitu gani hasa, na kitu gani ndicho kimfanyacho mtu kuwa msafiri?

Mstari mfupi kuliko yote uwezao kuchorwa juu ya mviringo wa dunia baina ya viwanja viwili hivi, cha Seeb kilichofunguliwa mwaka 1973 badala ya uwanja mdogo wa Bait al-Falaj uliobanwa na majabali ya Ruwi, na kile cha Kiembe Samaki kiitwacho leo kwa jina la Abeid Amani Karume, una urefu wa takriban kilomita 3,900. Ukiufuata mstari huo kwa kidole juu ya ramani, utaona wapita nchi ya ndani ya Omani, waikaribia Salala ya Dhofari, wavuka Ghuba ya Aden, wapita juu ya Pembe ya Somalia, kisha warudi pwani ya Waswahili karibu na Lamu, ukashuka ubavuni mwa Mombasa na Pemba hata kufika Unguja. Hii, kwa ajabu yake, ni takriban njia ileile ya majahazi. Wajuzi wa hisabati za mviringo na manahodha wasiojua hata jina la hisabati hizo wamekutana katika njia moja, isipokuwa nahodha aliipita kwa kuukumbatia ufuo, na rubani huipita akiwa kilomita kumi au kumi na moja juu yake.

Lakini masafa ya majahazi hayakuwa masafa tu, yalikuwa pia majira. Jahazi la Suri au la Matrahi lilingoja kaskazi ivume sawasawa, aghlabu baada ya kuingia Desemba, ndipo likatweka. Na pepo zikikubali huenda likafika kwa wiki tatu au nne, na likitia nanga Mukalla, Mogadishu na Lamu kwa biashara, zaidi ya hapo. Kurudi hakukuwezekana mpaka kusi ishike mwaka unapofika Aprili. Kwa hivyo aliyeondoka alikuwa ameutoa mwaka wake, naye hakujua kama ataurudisha. Sayyid Said bin Sultan, aliyeufanya mji wa Unguja kuwa makao ya ufalme wake na akaishi miaka mingi baina ya bandari hizi mbili, alifariki Oktoba 1856 baharini, karibu na Visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kutoka Maskati kwenda Unguja. Ikiwa mtawala mwenye manowari zake aliweza kufikiwa na ajali yake katikati ya maji, basi baharia wa kawaida alipoagana na watu wake aliagana kweli, akaacha wasia na akaomba radhi. Kwa msafiri wa namna hiyo, nani angeuliza kwa nini amepunguziwa rakaa mbili?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani kwamba kwa kuwa taabu ilikuwa kubwa na rukhsa ilikuwapo, basi taabu ndiyo sababu ya rukhsa, na taabu ikiondoka rukhsa nayo iondoke. Wanavyuoni wa usuli walikwisha kulipambanua jambo hili zamani sana. Wao hutenga baina ya hekima ya hukumu na sababu ya hukumu: hekima huenda ikawa ni kuondoa mashaka, lakini mashaka hayapimiki, kwani lililo zito kwa huyu ni jepesi kwa yule, kwa hivyo sheria huiambatanisha hukumu na jambo lililo dhahiri, lenye kudhibitika, nalo ni safari yenyewe. Mfano wao uliozoeleka ni wa mfalme na mchukuzi. Mfalme asafiriye juu ya mito laini hupunguza Sala, na mchukuzi abebaye magunia mjini kwao mchana kutwa, mgongo ukimwuma, hutimiza nne. Yule amestarehe na huyu ametaabika, na hukumu haikutazama hilo.

Kipimo cha safari hiyo ndicho walichohitalifiana. Maibadhi, ambao ndio wengi katika nyoyo za miji ya ndani ya Omani na waliokuwa na makadhi wao Unguja pamoja na makadhi wa Kisuni, wameshika farsakhi mbili, yaani kiasi cha kilomita 12, na katika dalili zao ni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali Adhuhuri Madina rakaa nne, kisha Alasiri akaisali Dhul-Hulaifa rakaa mbili. Wasiokubaliana nao hujibu kwamba Dhul-Hulaifa haikuwa mwisho wa safari yake ile bali mwanzo wake. Mashafi wameshika marhala mbili, farsakhi 16, zaidi ya kilomita 80; na Mahanafi wakapima kwa mwendo wa siku tatu. Sitaki kuingia baina ya maimamu hawa. Nataka tu msomaji aone kwamba Maskati na Unguja, kwa kipimo chochote uchukuacho, ni safari maradufu kwa maradufu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesema: tazameni kwanza kama abiria amechoka.

Tena liko jambo lililonishangaza nilipolisoma, na sidhani kama vijana wetu wanalijua. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho makadhi wa Kishafi wa Unguja walikitegemea na wanafunzi wa pwani wakakisoma kizazi baada ya kizazi, alipokwisha kutaja masafa ya marhala mbili kwa mwendo wa wanyama waliobeba mizigo, aliongeza kwamba bahari ni kama bara, na kwamba mtu lau angezikata maili hizo baharini kwa saa moja tu, angepunguza. Hakuna katika zama zake chombo kilichoweza mwendo huo. Alilifaradhi jambo lisilokuwapo ili kuisafisha kanuni, akaonyesha kuwa wakati si kipimo. Na miaka zaidi ya 700 baadaye faradhi yake imekuwa ni ratiba ya ndege ya kila wiki.

Wako wanaojibu swali hili kwa njia nyingine, wakasema kwamba eropleni nayo ina taabu zake: foleni, mizigo, masikio kuziba, usingizi kukatika. Jibu hili naliona ni dhaifu, na lina hatari, kwa kuwa linakubali msingi wa mpingaji kwamba rukhsa ni ujira wa taabu, kisha linahangaika kutafuta taabu ya kuulipia. Lililo imara zaidi ni lile alilolipokea Sayyidna Umar. Ya'la bin Umayya alimwuliza kuhusu Aya ya kupunguza Sala, iliyotaja hofu ya maadui, ilhali watu sasa wamekwisha kuwa katika amani. Umar akamjibu kwamba naye alistaajabu kama alivyostaajabu yeye, akamwuliza Mtume, naye akamfahamisha kuwa hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea, basi waipokee. Katika maneno hayo mna funzo kubwa. Sababu ya kwanza, nayo ni hofu, ilikuwa imeondoka mbele ya macho yao, na sadaka ikabaki. Na kwa sababu hii Maibadhi husema kwamba kupunguza si hiari ya msafiri bali ni wajibu wake, maadam amri imekuja ya kuipokea. Na Mashafi, wanaoiona kuwa ni ruhusa, hawakuacha kuiheshimu. Ama katika saumu nakiri kwamba upole wa sheria unaonekana wazi zaidi kuifuata dhiki, na ndiyo maana Mashafi wakasema kufunga ni bora kwa msafiri asiyedhurika. Lakini ubora si ulazima, na mlango haukufungwa.

Basi ikiwa si saa wala si taabu, safari ni nini? Mimi naona jawabu limo katika upande wa pili wa masuala, ule ambao watu huusoma upesi ili wafike kwenye maili: ni kuachana na watwani. Msafiri ni aliyetoka alipo wa kwao akaenda asipo wa kwao. Maili ni alama za njiani tu. Utazame mji huu wa Maskati wenyewe. Zamani ulikuwa na ukuta na milango, na Matrahi ilikuwa bandari mbali nao, na Seeb ilikuwa kijiji cha wavuvi na mitende. Leo majumba yameshikana ufuoni, na mtu huweza kuendesha gari kilomita 40, zaidi ya mara tatu ya farsakhi mbili, naye, kwa hesabu ya wale wanaoanza kupima baada ya nyumba za mwisho za mji, hajawa msafiri, kwa kuwa bado yumo katika umrani wake. Na mwenziwe aliyetoka kijiji kidogo cha mlimani akaenda kilomita 13 kununua mbuzi, huyo, kwa kipimo cha farsakhi mbili, ni msafiri kamili. Kilomita ni zilezile. Lililotofautiana ni kwao na si kwao.

Na katika jambo hili la kwao na si kwao, madhehebu ya Ibadhi yamekwenda mbali kwa uzito unaostahili kufikiriwa. Mshafi akinuia kukaa mahali siku nne kamili, safari yake imekatika, hutimiza Sala. Na akizuiliwa na haja anayoitazamia wakati wowote, kama baharia anayengoja upepo ugeuke, hupunguza hata siku 18. Lakini Muibadhi, kwa kadiri ambavyo hajanuia kupafanya mahali kuwa watwani yake, hupunguza siku zote, hata miaka ikipita. Hebu lipige picha jahazi lililotia nanga Unguja Januari likingoja kusi: nahodha wa Kiibadhi akisali mbili miezi yote mitatu, na baharia wake wa Kishafi, aliyejua kuwa hawaondoki kabla ya Aprili, akisali nne, nao wamelala chombo kimoja na kula sinia moja. Hapana hata mmoja aliyekosea. Yule anasema, miezi haifanyi nyumba. Huyu anasema, aliyetua ametua.

Sasa uilete hukumu hiyo katika mji huu, kwa watu wa mji huu wanaosema Kiswahili. Walioingia Omani baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 waliingia wachache na kwa shida. Walioingia baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970, alipowaita Waomani waliotawanyika ughaibuni warudi kuijenga nchi, walikuwa wengi mno, walimu, makarani, matabibu, mahandisi, wakazungumza Kiswahili maofisini na barazani hata leo. Mufti wa nchi, Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, aliyeshika cheo hicho mwaka 1975, mwenyewe alizaliwa Unguja. Kwa watu hawa swali la rakaa mbili au nne si swali la kitabu. Nilimwuliza bibi mmoja wa jamaa zetu, mzaliwa wa shamba Unguja, aliyekuwa akijiandaa kwenda huko kwa harusi ya mjukuu wa nduguye, kama ameshafunga mizigo, naye akaniambia: "Mizigo tayari, mwanangu. Lililonikalia moyoni ni Sala. Nikifika kule nisali mbili au nne?" Nikamwambia, "Bibi, si umwulize sheikh?" Akasema: "Nimemwuliza, naye kanirudishia swali. Kaniambia, je, pale umepaacha au hukupaacha? Alipokuwa hai marehemu mume wangu nilimfuata yeye, watwani yake ndiyo yangu. Sasa yeye hayupo, nia imerudi mikononi mwangu, na mimi sijui niiweke wapi."

Maneno haya ya bibi nimeyarudia moyoni mara nyingi, kwa sababu yanaonyesha lile ambalo ndege imelifanya. Jahazi lilimpa mtu muda. Aliyevuka kwa wiki nne alikuwa na masiku ya kutosha ya kuiaga nchi moja na kuikaribisha nyingine, na alipoukanyaga ufuo alikuwa ameshajua yeye ni mgeni au ni mwenyeji. Eropleni huufikisha mwili kabla moyo haujaulizwa. Kwa hivyo nakataa kauli kwamba ndege imeyafanya masuala haya ya safari kuwa mepesi. Imeliondoa zito lililokuwa juu ya mgongo na kuliweka juu ya nia, mahali ambapo hapana mtu wa kukusaidia kulibeba. Naye bibi yule, kwa maoni yangu, hana haja ya kuchagua kwa machozi. Wako mafakihi wa Kiibadhi waliojuzisha mtu kuwa na watwani zaidi ya moja, akatimiza Sala yake katika kila moja, na mimi naiona kauli hiyo kuwa ni ya rehema na ya kweli kwa watu waliokuwa na makaburi ya wazee wao pande mbili za bahari. Atimize Maskati, na atimize Unguja, ikiwa kweli hakupaacha. Na apunguze njiani.

Na huko njiani, juu ya mawingu, mna jambo jingine. Kibla cha Maskati ni magharibi, kasoro kidogo kuelekea kusini. Kibla cha Unguja ni kaskazini, takriban kamili, kwa kuwa Makka iko karibu sawa na kisiwa hicho katika mistari ya longitudo. Ndege iondokapo Seeb huelekea kusini-magharibi, na Makka ikawa mbele upande wa kuume. Saa baada ya saa hurudi nyuma, mpaka ikaribiapo Unguja imekuwa nyuma ya bega la kuume la abiria. Aliyesimama kusali Adhuhuri juu ya Dhofari na aliyechelewa akaisali juu ya Lamu, katika chombo kimoja na siku moja, wameelekea pande mbalimbali za chombo hicho, na wote wameelekea nyumba moja. Asiyepata nafasi ya kusimama husali kitini kwa kadiri awezavyo. Mabaharia walilijua jambo hili la kibla kinachohama, lakini kwao kilihama siku kwa siku kama kivuli. Kwetu kinahama katika kikao kimoja cha chakula na kahawa.

Jua nalo vivyo hivyo. Aliyefunga akaruka alasiri kwenda magharibi hulifukuza jua, na Unguja iko daraja 19 magharibi ya Maskati, hivyo mchana wake huongezeka kwa zaidi ya saa moja, ukiacha tofauti za majira. Na kwa kuwa yuko juu, huliona jua dakika zaidi ya kumi baada ya walio ardhini chini yake kwisha kufuturu. Hafuturu kwa saa ya Maskati aliyoiacha, wala kwa adhana ya Unguja asiyoifikia, wala kwa magharibi ya mji ulio chini ya miguu yake; hufuturu kwa jua analoliona kwa macho yake. Mwaka 2011 huko Dubai wakaazi wa tabaka za juu za jumba la Burj Khalifa waliagizwa wangoje dakika mbili, na walio juu kabisa dakika tatu, kwa sababu hiyohiyo. Naona uadilifu mkubwa katika hukumu hii. Kila mtu ametaklifiwa kwa pale alipo yeye, si kwa pale walipo wenziwe.

Linalobaki, nalo ndilo linalonishughulisha kuliko yote, ni watoto. Mtoto kabla ya kubaleghe hufuata watwani ya baba yake, na baba wengi wa hapa hawakupata kuwaambia watoto wao kama Unguja wameiacha au hawakuiacha. Wengine hawakupata kujiambia wenyewe. Kijana aliyezaliwa Maskati, aliyesoma Maskati, ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama, hupanda ndege na baba yake wakati wa likizo, wakafika, wakaingia msikitini, wakasali nyuma ya imamu mwenyeji rakaa nne, kwani anayemfuata mwenyeji hutimiza pamoja naye, awe msafiri au asiwe. Na swali halitokei. Hutokea usiku, wanaposali Isha peke yao nyumbani kwa jamaa, baba akasimama kwa rakaa nne, na kijana aliyekwisha kubaleghe, ambaye nia yake sasa ni yake, hajui kama amwige baba au atoe salamu baada ya mbili. Nawasihi wazazi wenzangu walizungumze jambo hili na watoto wao Maskati, kabla ya siku ya safari, wala wasingoje lije lenyewe katika nyumba ya watu.